SOMO LA IJUMAA: SUKARI IKISHUKA GHAFLA NA SUKARI IKIPANDA GHAFLA

Bismillahi Rahmani Rahim.

Sifa zote njema ni za Allah, Mola wa viumbe vyote. Rehema na amani zimfikie Mtume wetu Muhammad (s.a.w.), jamaa zake na masahaba zake wote. Ama baad.



Ijumaa iliyopita tulizungumza juu ya mwili kuwa amana. Tulipotoka, mzee mmoja alinishika mkono akasema: "Maalimu, umesema vizuri, lakini hukutuambia tufanye nini mtu akianguka." Alisema kweli. Basi leo tutasema tufanye nini mtu akianguka kwa ugonjwa wa sukari. Sitagusa habari ya vidonda vya miguu wala macho yanayofifia. Hayo huja polepole kwa miaka, nayo yatapata siku yake. Leo ni juu ya yale yanayoua kwa saa chache au kwa siku chache, ambayo mtu wa nyumbani akiyajua huweza kumwokoa mgonjwa kabla hata ya kumfikisha kwa munganga.

Nitaanza na kosa langu mwenyewe, kwa sababu sipendi kuwafundisha kama mtu asiyekosa.

Miaka mingi iliyopita kulikuwa na mtoto katika chuo changu, umri wake miaka kumi na moja. Alikuwa amemaliza juzuu ya Amma na alikuwa anaingia Tabaraka, mtoto mwenye kichwa chepesi na sauti nzuri. Ghafla akaanza kuomba ruhusa ya kwenda haja ndogo. Mara moja, mara mbili, mara nne katika somo moja. Niliona ni mchezo. Nilimkataza. Siku moja nilimpiga fimbo, na siku ile ile akajikojolea juu ya mkeka, wenziwe wakacheka. Watoto waliniambia pia kwamba anakunywa maji ya mtungi wa kutawadhia. Nikamgombeza kwa hilo nalo.

Kwa muda wa wiki mbili au tatu nguo zilianza kumning'inia. Mama yake alisema: "Anakula kuliko sisi wote, na anakonda." Jirani mmoja akasema minyoo, mwingine akasema mtoto anarogwa. Kisha akaanza kutapika na kulia tumbo. Wakampeleka mahali wanapotibu, wakaambiwa ni malaria, akawekewa kwinini ndani ya serumu ya sukari. Hakuna aliyemchoma kidole kupima sukari. Nilikwenda kumwona usiku. Hakuwa na homa kali. Alikuwa anapumua kwa nguvu na kwa kina, kama mtu aliyepanda mlima mbio, na mdomo wake ulinuka harufu tamu ya matunda yaliyoiva kupita kiasi. Nilikaa pembeni nikamsomea Yasin. Kabla ya alfajiri alifariki.

Na haikuishia hapo. Walisema alilishwa sumu. Shangazi yake ndiye aliyekuwa amempikia siku zile, na macho yote yakamgeukia. Mama yule alihama mji.

Ilipita miaka kabla sijakaa katika mafunzo ambayo muuguzi mmoja alikuwa anaeleza dalili za sukari kupanda kwa mtoto. Alizitaja moja moja: haja ndogo nyingi, kiu, kula sana na kukonda, kutapika, tumbo, pumzi ya nguvu, harufu ya matunda. Kila aliyoitaja niliiona katika uso wa mtoto yule. Nilikwenda kwa mama yake nikamweleza yote, na ile fimbo pia. Alinisikiliza mpaka mwisho. Kisha akauliza neno moja tu: "Dawa yake ilikuwako?" Nilimjibu ndiyo, ilikuwako.

Dawa hiyo ni insulini. Iligunduliwa mwaka 1921 kule Toronto, nchi ya Kanada, na watu wanaoitwa Banting na Best pamoja na wenzao. Mwezi wa kwanza wa mwaka 1922 ilidungwa kwa kijana wa miaka 14, Leonard Thompson, aliyekuwa amebaki mifupa. Akaishi miaka kumi na tatu zaidi. Kabla ya hapo mtoto mwenye sukari ya namna hii hakuwa na njia. Alikufa tu, kwa muda wa miezi au mwaka mmoja au miwili. Basi tangu 1922 dunia inayo dawa. Kinachopotea kwetu mara nyingi ni mtu wa kutambua kwamba hii ni sukari.

Sasa tuelewe kinachotokea ndani ya mwili, maana asiyeelewa sababu husahau dalili.

Bugali, mchele, mihogo, ndizi, vyote tukivila hugeuka sukari katika damu. Sukari hiyo ndiyo makala yanayowasha jiko la mwili. Lakini haiingii yenyewe mahali inapotakiwa. Insulini, inayotengenezwa na kongosho, ndiyo ufunguo. Mtoto yule kongosho lake liliacha kutengeneza insulini. Alikuwa kama mtu mwenye ghala iliyojaa mpunga na ufunguo umepotea: mpunga upo na watu wa nyumba wanalala njaa. Sukari ikijaa katika damu, figo huitupa kwa njia ya mkojo, na sukari huvuta maji pamoja nayo. Kwa hiyo haja ndogo haikomi, na kiu haikomi. Mwili wenye njaa nao huanza kuchoma mafuta yake wenyewe, ndiyo kukonda. Na mafuta yakiunguzwa hivyo hutoa asidi zinazoitwa ketoni. Asidi zikizidi, tumbo linauma, mtu anatapika, na anapumua kwa nguvu kwa sababu mwili unajaribu kuitoa asidi kwa njia ya pumzi. Harufu ile ya matunda ni ketoni. Mwisho mgonjwa anasinzia, na akisinzia hivyo bila matibabu haamki. Wanganga wetu waliosoma Kifaransa huita hali hii asidosetoze.

Huwapata zaidi watoto na vijana, na mara nyingi ndiyo alama ya kwanza kabisa kwamba mtoto ana sukari. Lakini huwapata pia watu wazima wanaojulikana kuwa na sukari. Wengine waliacha sindano zao, kwa kukosa pesa au kwa kudanganywa. Wengine wamepata malaria, homa ya mapafu, au kidonda kilichooza, maana ugonjwa mwingine ukiingia hupandisha sukari hata kama mtu anatumia dawa zake.

Mtasema: Maalimu, hizo dalili si ni za malaria? Kutapika, tumbo, usingizi, hata pumzi ya haraka? Ndiyo. Na hapa ndipo watoto wetu wanapotea. Katika mkoa wetu kipimo cha malaria huweza kuonyesha malaria kwa mtoto ambaye ana sukari pia. Kuonekana kwa moja hakulifuti lingine. Basi mkifika kwenye kituo cha afya na mtoto anayetapika na kupumua kwa nguvu, au mtu yeyote aliyepoteza fahamu, mwombeni muuguzi kwa adabu ampime glisemi, yaani sukari ya kidole. Ni tone moja la damu na nusu dakika. Mwambieni: "Anakunywa maji sana, anakwenda haja ndogo sana, amekonda." Maneno hayo matatu yana thamani kuliko kumwambia "ana homa". Na kipimo kitangulie serumu, msione aibu kuliomba hilo. Serumu ya sukari kwa mtu ambaye sukari yake imeshapanda ni kumwaga mafuta juu ya moto. Anachohitaji kwanza ni serumu ya chumvi, na insulini, na kuangaliwa saa kwa saa hospitalini. Serumu ya sukari ina wakati wake baadaye, sukari ikishashuka, na hilo ni la munganga kuamua.

Upande wa pili nao upo. Kwinini yenyewe hushusha sukari, na malaria kali hushusha sukari kwa watoto. Kwa hiyo mtoto wa malaria aliyezimia huenda sukari yake iko chini sana, naye huyo serumu ya sukari humwokoa. Mnaona? Watoto wawili wamelala kitanda kimoja, wote wamezimia, mmoja serumu ile itamwokoa na mwingine itamzidishia. Hakuna jicho la imamu, wala la munganga, linaloweza kuwatenganisha bila kuchoma kidole.

Kuhusu hesabu. Mtu mzima asiye na ugonjwa, asubuhi kabla ya kula, huwa kati ya 70 na 100, kwa kipimo cha mg/dl. Asubuhi kabla ya kula ikiwa 126 au zaidi, na ikarudia, hiyo ni sukari. Ikiwa 200 au zaidi wakati wowote, pamoja na kiu na haja ndogo nyingi, usingoje tena. Katika asidosetoze mara nyingi mashini huonyesha zaidi ya 250. Mashini nyingine huandika kwa gramu, hapo 250 itaonekana 2,50. Nyingine zinaandika mmol. Hizo unazidisha mara 18 kupata hesabu yetu. Mwenye mashini nyumbani aijue mashini yake inaandika lugha gani, maana 7 ya mashini moja ni 126 ya mashini nyingine, na kosa hilo limewatia watu wengi hofu ya bure au utulivu wa bure.

Wazee wana sukari kupanda ya namna yao. Hakuna harufu, mara nyingi hakuna hata kutapika. Mzee mwenye sukari anapata ugonjwa mdogo, hanywi maji ya kutosha, na kwa muda wa siku kadhaa au hata wiki sukari inapanda mpaka 600 na kupita. Anakauka. Ulimi unakuwa kama karatasi. Anaanza kusinzia mchana, anachanganya majina ya wajukuu, na watu wa nyumba wanasema: "Ni uzee." Ndugu zangu, uzee hauji kwa siku tano. Mzee aliyekuwa anawajua wajukuu Ijumaa iliyopita na leo hawajui, apimwe. Hali hii huua kuliko ile ya watoto, na sababu moja ni kwamba tunachelewa.

Mgonjwa wa sukari iliyopanda akiwa bado macho na hatapiki, mpeni maji safi, kidogo kidogo, mara nyingi. Si sukre, si maji ya muwa, si chai yenye sukari, wala asali. Asali ina baraka na ina ponyo, hatulikani hilo, lakini asali ni sukari, na kila jambo lina mahali pake. Akitapika kila anachokunywa, akipumua kwa nguvu, au akianza kusinzia, msingoje asubuhi. Mkimpandisha pikipiki, mtu wa pili akae nyuma yake amshike, kwa sababu mtu wa namna hii huanguka njiani.

Na mwenye kutumia insulini akiugua asiache kudunga, hata kama hali chakula. Wengi wanasema: "Sijakula, nitajidungaje?" Kosa hilo ndilo linalowapeleka wengi hospitalini. Ugonjwa hupandisha sukari hata tumbo likiwa tupu. Kipimo cha dawa huenda kibadilishwe, na hilo amwulize munganga wake siku ile ile, lakini kuiacha yote hapana. Apime kila saa nne, usiku nao.

Sasa tugeuke upande wa kushuka. Huu ni wa haraka kuliko wote, na ndio niliouona kwa macho yangu ndani ya msikiti.

Ilikuwa Ramadhani, sala ya alasiri. Mzee mmoja wa safu ya kwanza, mtu mpole ambaye hatujawahi kumsikia akipandisha sauti, alianza kusema maneno yasiyoeleweka, kisha akanitukana mimi imamu wake mbele ya watu. Jasho lilikuwa linamtiririka na mwili wake baridi. Mikono inatetemeka. Mmoja akasema amelewa, astaghfirullah. Wengine wakasema ni jini. Wakaanza kumsomea, wakammwagia maji kichwani. Kijana mmoja ambaye mama yake ana sukari alipenya katikati ya watu, akakimbia dukani, akarudi na sukari, akaikoroga katika kikombe, akamnywesha. Kama robo saa hivi mzee akanyoosha mgongo, akatazama watu, akauliza kwa nini kanzu yake imelowa. Halafu kulikuwa na wengine ambao badala ya kumshukuru kijana walianza kubishana kama swaumu ya mzee imebatilika!

Tulipomwuliza, alisema alimeza kidonge chake cha glibenklamidi wakati wa daku, lakini daku yake ilikuwa chai tu, na asubuhi alikwenda shambani kulima. Kidonge kilifanya kazi yake ya kushusha, na hakukuwa na chakula cha kushusha.

Shikeni dalili zake. Kutetemeka, jasho baridi, njaa ya ghafla, moyo kwenda mbio. Ikizidi, maneno yanachanganyika, mtu anakuwa mkali au analia au anacheka bila sababu, anatembea kama mlevi. Ikizidi tena, kifafa, kisha kuzimia. Kwa hesabu, chini ya 70 ni kushuka, chini ya 54 ni hatari. Huja kwa wanaotumia insulini au vidonge vya namna ya glibenklamidi, wasipokula, wakifanya kazi ngumu kuliko kawaida, wakikosea kipimo, au wakiwa na ugonjwa wa figo. Anayetumia metformini peke yake ni nadra kumpata.

Dawa yake iko katika kila duka la mtaa. Mgonjwa akiwa anaweza kumeza, mpe vipande vitatu vya sukari, au kijiko kikubwa kimoja cha sukari ndani ya maji, au nusu ya chupa ndogo ya sukre. Ngojeni dakika 15. Kama hajarudi sawasawa, au mashini bado inaonyesha chini ya 70, rudieni. Akisharudi, ale kitu cha kushiba, mkate au mchele au ndizi, la sivyo atashuka tena. Msimpe bugali kwanza. Bugali huchelewa, na ubongo haungoji.

Aliyezimia kabisa asimwagiwe kitu mdomoni, si maji, si chai, si maji ya kombe. Kitaingia katika mapafu. Mlazeni ubavu, mkimbieni kwenye kituo cha afya wamtie sukari kwa mshipa. Kama kituo kiko mbali, pakeni sukari iliyoloweshwa kidogo sana kwa ndani ya shavu, kwa ncha ya kidole, naye amelala ubavu, mkiwa njiani. Njiani, nasema, si mmekaa.

Na mzee wetu yule, baada ya futari usiku ule ule, alishuka tena. Vidonge hivyo hukaa mwilini muda mrefu, huweza kumshusha mtu kwa siku nzima au zaidi. Aliyeshushwa na vidonge na akazinduka, msimwache peke yake usiku, apelekwe akaangaliwe.

Hapa lipo swali ambalo lazima mmeshajiuliza. Nimekuta mgonjwa wa sukari amechanganyikiwa, sina mashini, sijui imepanda au imeshuka. Nifanye nini, na wewe Maalimu umesema sukari ni mafuta juu ya moto? Jibu: kama anaweza kumeza, mpe sukari ile kidogo, kisha mpeleke. Aliyeshuka anaweza kufa au kuharibika ubongo katika muda mfupi, na sukari itamrudisha mbele ya macho yako. Aliyepanda, kijiko kimoja hakitambadilisha sana, maana ameshapita mamia. Ila iwe mara hiyo tu. Robo saa ikipita hajabadilika, jueni kwamba jambo ni lingine, na mbio zenu ziwe za kwenda hospitali.

Nije kwenye Ramadhani, kwa kuwa kila mwaka nyumba yangu hujaa watu wenye swali hili. Allah katika Suratul Baqara, aya ya 184 na ya 185, amempa mgonjwa ruhusa ya kula na kulipa siku nyingine, na asiyeweza kabisa kulipa, kama mgonjwa asiyetarajiwa kupona, hulisha maskini kwa kila siku. Ruhusa hii imetoka kwa Mwenyewe, si kwa wanganga. Mwaka 2001 ulifanyika uchunguzi juu ya Waislamu wenye sukari katika nchi 13, watu zaidi ya 12,000. Walikuta kwamba katika Ramadhani sukari kushuka vibaya iliongezeka karibu mara tano kwa wale wanaoishi kwa insulini tangu ujana, na zaidi ya mara saba kwa wale wa sukari ya ukubwani. Basi mwenye kutumia insulini, mjamzito mwenye sukari, mwenye figo mbovu, na aliyepata kuzimia miezi ya karibuni, asifunge kwa kushindana na watu. Mwenye kutumia vidonge aende kwa munganga mwezi mmoja au miwili kabla, kwa maana saa za dawa na kipimo chake huenda vikabadilishwa. Na aliyeruhusiwa kufunga, mashini ikionyesha chini ya 70 au juu ya 300, afungue palepale, hata kama jua limebaki kidole kimoja. Kuchoma kidole hakubatilishi swaumu. Msiogope kupima mchana.

Kuna kisa katika hadithi aliyoipokea Jabir, kimo katika Sunan ya Abu Daud. Mtu mmoja safarini alipigwa na jiwe kichwani, kisha akapatwa na janaba usiku. Akawauliza wenziwe kama anaweza kutayamamu. Wakamwambia hana ruhusa maadamu maji yapo. Akaoga, akafa. Habari ilipomfikia Mtume (s.a.w.) aliwalaumu vikali sana, akahesabu kwamba wao ndio waliomuua, kwa kuwa walisema bila kujua na hawakuuliza. Kisa hiki mimi hukisoma kwa kutetemeka. Maana mara ngapi sisi wenye vilemba tumeulizwa na mgonjwa, tukajibu kwa haraka?

Na jambo la kombe. Mimi mwenyewe naandika kombe, na baba yangu aliandika. Lakini sijawahi kumwambia mtu aache sindano, na anayemwambia hivyo mtoto anayeishi kwa insulini anamchimbia kaburi. Siku mbili au tatu bila insulini zatosha. Vilevile wauza mizizi wanaopita sokoni wakisema wanaponya sukari kabisa: waulizeni kama wako tayari kuchoma kidole cha mgonjwa wao mbele yenu, kabla na baada.

Maneno machache juu ya dawa yenyewe. Insulini haipendi joto wala barafu. Chupa iliyofunguliwa hudumu wiki nne mahali pa baridi. Asiye na friji aiweke ndani ya chungu cha udongo kilicho katika chungu kikubwa, katikati mchanga uliolowa maji, kivulini. Si juu ya bati, si karibu na jiko. Na tazameni bomba la sindano. Insulini yetu mara nyingi ni ya 100 kwa mililita, lakini mabomba ya 40 bado huonekana. Ukitumia bomba la 40 kwa insulini ya 100, unajidunga mara mbili na nusu ya kipimo chako, na kushuka kwake utakumbana nako usiku umelala. Namba iliyoandikwa kwenye chupa na namba iliyoandikwa kwenye bomba ziwe moja.

Walimu wenzangu wa vyuo, nawaomba hasa ninyi. Mtoto anayeomba kutoka mara nyingi, mwache atoke, kisha mwite mzazi wake jioni ile ile. Mtoto ambaye tayari ana sukari akae karibu na mlango, anywe maji anapotaka, na ndani ya kisanduku cha chaki kuwe na vipande vya sukari. Katika chuo changu vipo. Panya huvila, nasi tunaweka vingine.

Leo baada ya sala muuguzi atakaa barazani upande wa wanawake na mashini yake mpaka alasiri. Amekubali kupima bila malipo mpaka vijikaratasi vyake vya kupimia viishe, na havizidi hamsini. Kwa hiyo wazima wenye afya wasipange mstari kwa udadisi. Watangulie watoto wanaokunywa maji sana, waliokonda bila sababu, wanaorudia kukojoa kitandani baada ya kuwa wameshaacha, na wazee ambao akili imebadilika siku hizi. Mwenye bomba na chupa ya insulini avilete tulinganishe namba.

Wabillahi taufiq. Wassalam alaykum warahmatullahi wabarakatuh.